Lisomo la Historia na Picha za Tshibumba



Kila mwaka, masomo yanapoanza, wandugu wengi wanatuuliza: «Historia ya dunia tuifundishe namna gani?» Swali hili si dogo. Wako wenye kufikiri kwamba historia ni majina ya wafalme na hesabu ya miaka, kitu cha kushika kwa kichwa mbele ya mtihani na kusahau kisha mtihani. Wengine wanasema ni kazi ya mwalimu wa Leta, haimhusu padri wala katekista. Sisi hatufikiri hivi. Dini yetu yenyewe imesimama juu ya mambo yaliyotokea kweli, mahali fulani, wakati fulani. Katika Nasadiki tunataja jina la Ponsyo Pilato, liwali wa Kirumi. Mtu mwenye kusema Nasadiki kila siku ya Mungu hawezi kuidharau historia.

Hapa Kamatanda, katika mji wa Likasi, mtoto mwenye kuingia kalasi yuko na historia mbili. Moja iko katika kitabu: Misri, Roma, mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, vita viwili vya dunia. Ingine iko nyumbani: babu aliyefanya kazi ya kampani, mukuba, gari la moshi, na lile jina la Jadotville ambalo mji wetu uliitwa wakati wa Wabelgi. Hizi historia mbili hazisalimiani. Zinapitana njiani sawa na watu wawili wenye kugombana. Ile ya kitabu inaulizwa katika mtihani. Ile ya nyumbani inasemwa magaribi kando ya moto, na hakuna mtu anayeitilia pointi. Basi mtoto anashika wazo baya, ya kwamba dunia iko kule, na sisi tuko hapa tunaingojea.

Kwa sababu hiyo tunataka kuchungua leo kazi ya mtu mmoja wa kwetu Katanga, aliyejaribu kupatanisha hizi historia mbili. Hakuwa padri, hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji wa picha, jina lake Tshibumba Kanda-Matulu.

MTU NA KAZI YAKE

Tshibumba alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, katika kabila la Waluba wa Kasai. Alichora juu ya nguo ya mifuko ya unga, kisha alitembeza picha zake nyumba kwa nyumba, apate feza ya kulisha jamaa yake. Katika miaka 1973 na 1974 alichora picha 100 hivi, kwa kupanga historia yote ya inchi yetu: maisha ya wazee wa zamani, kufika kwa Wareno, Leopold II, kifo cha Msiri, kesi ya Simon Kimbangu, wafanyakazi waliopigwa risasi mwaka 1941, Lumumba, Tshombe, Mobutu, na hata picha za siku zisizokuja bado. Alizieleza moja moja, katika Kiswahili cha Katanga, kwa profesa Johannes Fabian, aliyefundisha wakati ule kwenye universite ya Lubumbashi. Picha na maelezo vilitoka pamoja katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1996. Wakati ule habari za Tshibumba mwenyewe zilikuwa zimekatika tangu karibu mwaka 1981. Picha zake zinalindwa katika nyumba ya makumbusho huko Amsterdam.

Tazameni, wandugu: historia yetu iliyosemwa katika Kiswahili chetu, tunapaswa kuisoma katika Kiingereza, na kuitazama katika Uholanzi. Jambo hili peke yake lingetosha kutusikitisha. Lakini hatuandiki kwa kusikitika. Tunaandika kwa kuuliza: kazi hii inaweza kumfaa mwalimu? Inafaa katika nini, na inapunguka katika nini?

JAMBO LA KUSIFU

Tshibumba alijiita mtu wa historia, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakutaka kupamba ukuta wa tajiri tu. Alitaka mtazamaji afikiri. Tena alijua kufunga jambo la hapa na jambo la mbali kwa kamba moja.

Tutwae picha yake ya mwaka 1941. Vitabu vya dunia vinasema kwamba siku ya 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilipiga merikebu za Marekani kwenye Pearl Harbor. Kisha siku mbili tu, siku ya 9 Desemba, askari wa Leta walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Mgomo wao ulikuwa umefika hata huku Jadotville. Sababu gani waligoma? Vita vilitaka mukuba mwingi, kazi ilizidi, bei ya vitu ilipanda, na mshahara haukufuata. Basi Pearl Harbor na uwanja wa Élisabethville ni mambo ya juma moja na ya vita moja. Mwanafunzi mwenye kuelewa hivi hatasema tena kwamba vita vya dunia ni vita vya Wazungu na Wajapani. Atajua kwamba babu yake naye alikuwa ndani.

Hilo ndilo lisomo tunalotaka. Sasa lazima tuseme kipimo chetu, kwa maana mtu akisifu au akilaumu bila kipimo anapiga kelele tu. Kipimo chetu ni hiki: tufikiri kwamba mtoto wa wale tunaowasema amekaa kwenye kiti cha mbele. Je, tungesema vile vile? Hatutaki kumficha ubaya wa wazee wake, kwani huko ni kudanganya. Lakini hatutaki aone haya kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Haya ya matendo ni nyingine, haya ya kuzaliwa ni ingine. Ya kwanza inaweza kuleta toba. Ya pili inaleta chuki tu.

MWARABU ASIYE NA KWAO

Kwa kipimo hiki, kazi ya Tshibumba inapunguka mahali pamoja pakubwa. Katika miaka ile nyumba nyingi za Katanga zilitundika picha ya Waarabu na watumwa waliofungwa shingoni. Wachoraji wetu waliichora mara nyingi, na Tshibumba pamoja nao. Picha ile haisemi uongo. Misafara ilikamata watu kweli, na vijiji viliungua kweli. Lakini Mwarabu wa picha ile hana kwao. Hana mama, hana sala, hana kitabu. Anatoka katika pori na fimbo mkononi, na kazi yake imekwisha.

Mwalimu anapaswa kumpeleka mwanafunzi mpaka kwao. Amwonyeshe Unguja, ambako Sultani Seyyid Said wa Omani alihamisha makao yake katika karne ya 19. Amweleze biashara ya karafuu na ya pembe za tembo, na namna pembe zile zilivyonunuliwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa kutengeneza piano na vitu vya mchezo. Amweleze Tippu Tip, aliyefanya biashara hiyo mpaka Kasongo. Amwambie vilevile kwamba Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyetoka katika watu wa Unyamwezi, aliuza pembe, mukuba na watumwa upande wa Unguja na upande wa Angola, ambako Wareno wakristu walikuwa wanunuzi. Na tusifiche kwamba mwaka 1526 Afonso, mfalme mkristu wa Kongo, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika juu ya wachuuzi waliokamata hata watoto wa wakubwa wa inchi yake. Wale wachuuzi walikuwa wabatizwa.

Kisha, mwalimu aulize kalasi: maneno haya, dini, sala, dhambi, sadaka, malaika, roho, yametoka wapi? Yote yametoka katika Kiarabu. Kila siku tunapomwomba Mungu katika Kiswahili, tunashika maneno ambayo waislamu walituletea. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965, ulisema kwamba Eklezia inawaheshimu waislamu, wenye kumwabudu Mungu mmoja, na uliomba pande mbili zisahau magomvi ya zamani na zijaribu kusikilizana. Kusahau huku si kufuta watumwa katika kitabu. Ni kukataa kumtundikia mtoto Omari, mwenye kukaa kwenye kiti cha mbele, kamba ambayo hakuifunga yeye.

KIMBANGU NA SISI WENYEWE

Katika picha ya Kimbangu mambo yanageuka. Hapa Tshibumba anapita kipimo, na sisi wakatoliki ndio wenye kupunguka. Ni vitabu vingapi vya kwetu vilivyomtaja Kimbangu kama mtu, si kama hatari?

Simon Kimbangu alikuwa katekista wa waprotestanti wa Kibaptisti, mtu wa Nkamba katika Kongo ya chini. Mwaka 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na watu wengi waliacha kazi na kumfuata. Leta iliogopa. Wamisionari wakatoliki nao waliogopa, na wengine wao walisukuma Leta ikomeshe jambo lile. Siku ya 3 Oktoba 1921 hakimu wa askari alimhukumu kufa. Mfalme Albert wa kwanza aligeuza hukumu ikawa kifungo cha maisha. Basi alipelekwa kwetu Katanga, na alikufa katika gereza la Élisabethville siku ya 12 Oktoba 1951. Ni kifungo cha miaka 30. Mwaka 1969 Eklezia yake ilipokelewa katika Baraza la Makanisa la dunia.

Makatekista wenye kusoma ukurasa huu, fikirini kidogo. Mtu yule alikuwa na kazi sawa na yenu. Hatuwaombi kukubali mafundisho yote ya wafuasi wake. Mipaka iko, na tunaijua. Tunawaomba kusema mambo kama yalivyokuwa. Mtoto wa Kimbanguisti mwenye kusoma katika kalasi yetu anajua habari hizi tangu nyumbani. Tukizinyamazia, hatajifunza kwamba hazikutokea. Atajifunza tu kwamba sisi ni waongo, na kisha hatatusadiki tunapomwambia juu ya Yezu Kristu.

MISALABA MITATU

Tunafika kwenye picha yenye kugusa imani. Tshibumba alichora kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa pamoja na Mpolo na Okito siku ya 17 Januari 1961, karibu na Élisabethville. Nyuma, mbali, aliweka misalaba mitatu juu ya kilima. Alieleza wazi mawazo yake: kwake yeye Lumumba alikuwa kama Bwana Yezu wa inchi yetu.

Waseminari wengi, wakisikia hivi, watasema: «Ni kukufuru!» Tusiende mbio. Kwanza tuulize, mchoraji huyu aliokota wapi misalaba ile? Katika katekismu. Watu wetu, walipotafuta namna ya kusema mateso makubwa ya inchi, hawakupata mfano mwingine kupita Kalvario. Hii ni heshima kwa kazi ya makatekista. Lakini iko hatari pia, na tunaisema bila kuificha. Mtu akimweka shujaa wake msalabani, ni vyepesi kuwaweka maadui wake wote katika mahali pa Yuda. Na Yezu hakufa kwa ajili ya upande mmoja.

Kwa hiyo mwalimu asiitupe picha hii. Aweke ingine kando yake. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliinuka katika Kongo ya mashariki, na walitwaa jina la Lumumba kama bendera. Siku ya 1 Desemba 1964, Isiro, mkubwa mmoja wa askari wao alimwua Sista Anuarite, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri katika Kinshasa siku ya 15 Agosti 1985. Lumumba aliuawa na wenye nguvu. Anuarite aliuawa na watu waliolia kwa jina la Lumumba. Mwanafunzi mwenye kushika vifo hivi viwili pamoja, bila kutupa kimoja, amekwisha kuelewa mapinduzi kupita mwenye kushika miaka yote ya Robespierre.

Mapinduzi ya mbali nayo yanaingia vema hapa. Watumwa wa Saint-Domingue, inchi tunayoiita leo Haiti, waliinuka mwaka 1791, na siku ya 1 Januari 1804 inchi ilitangaza uhuru. Watu wengi sana kati yao walizaliwa katika Kongo, na wako waliokuwa wakristu tangu kwao. Mmoja wa wakubwa wao, Macaya, alisema mwaka 1793 kwamba yeye ni mtu wa wafalme watatu: wa Kongo, wa Ufaransa na wa Hispania. Si ajabu? Katika mapinduzi yale yale, mtu alitafuta uhuru na alishika bado mfalme wa kwao. Halafu, kisha uhuru wetu wa 1960, Wahaiti wengi walikuja kufundisha katika masomo ya Kongo. Wajukuu wa wale waliochukuliwa katika merikebu walirudi na chaki mkononi. Wakubwa wetu wengine walifundishwa nao. Basi Haiti si jina gumu la kitabuni. Ni mwalimu aliyesimama mbele ya baba zetu.

MGENI NI NANI?

Mtaniuliza, wandugu: juhudi hii yote ni ya nini? Watoto wasome tu wapate diploma. Tunajibu kwa jambo moja la mji wetu, nalo si jambo la zamani sana.

Katika mwaka 1992, hapa Likasi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Waliambiwa: «Rudini kwenu.» Maelfu walilala kwenye gare, wazee, mama wenye mimba, watoto wachanga, kungojea gari la moshi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, pale gare au njiani. Wengi wao walizaliwa hapa. Wazee wao waliandikwa kazi na Union Minière tangu miaka ya 1920, wakati kampani ilipokosa watu. Na waliowafukuza walikuwa jirani zao, watu waliopokea Komunyo kwenye meza moja nao.

Je, wale jirani hawakusoma historia? Wengi walisoma. Walijua Napoléon. Lakini hakuna aliyewaonyesha kwamba Katanga imejengwa na watu wenye kutoka pande zote: Wayeke waliotoka Unyamwezi, Kiswahili kilichotoka pwani, reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 kwa kupitia Rhodesia, wafanyakazi wa Kasai, wa Rwanda na wa Maniema. Tukimfukuza kila aliyetoka ingine pande, tutabaki na nani wa kufunga mlango? Tshibumba mwenyewe, aliyetuchorea historia yetu, kwa kipimo cha mwaka ule angekuwa mgeni, na angelala kwenye gare.

Hapa ndipo lisomo la historia linapogusa roho ya mtu. Si lisomo la kupamba kichwa.

LISOMO MOJA LA MFANO

Kwa kumaliza tunawapa mfano, kila mmoja autengeneze kufuatana na kalasi yake. Karibu kilometa 20 kutoka Likasi iko Shinkolobwe, ambako watu wa Union Minière walivumbua uraniumu mwaka 1915. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilipelekwa New York. Uraniumu ya Shinkolobwe ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotengeneza bomu la Hiroshima, siku ya 6 Agosti 1945. Siku tatu kisha, bomu la pili lilianguka Nagasaki, karibu na kanisa kubwa la Urakami. Watu waliokuwa wakiungama mle ndani walikufa pamoja na mapadri wao. Katika parokia ile, zaidi ya wakristu 8,000 walikufa.

Hawa wakristu wa Urakami walikuwa nani? Katika mwaka 1614 watawala wa Japani walikataza dini yetu na kufukuza wamisionari. Miaka karibu 250 wakristu walibaki bila padri. Waliishikaje imani? Kila kijiji kilikuwa na mtu wa kubatiza, na mtu wa kushika kalenda ya sikukuu. Siku ya 17 Machi 1865 wachache wao walikwenda kwa siri kwa Padri Petitjean katika kanisa jipya la Nagasaki. Walimwambia kwamba mioyo yao ni moja na wake, na walimwuliza sanamu ya Maria iko wapi. Walikuwa watoto wa watoto wa makatekista.

Tazameni namna jiwe moja la kwetu linavyotupeleka mbali: kazi ya migodi, vita vya dunia, desturi za Wajapani, mateso ya Eklezia, na katekista wa kijiji aliyeokoa imani bila diploma na bila mshahara. Mwalimu aanze na jiwe lile. Mtoto wa Kamatanda atauliza mwenyewe yanayobaki. Labda atauliza pia: «Basi sisi tuliwaua wale wakristu?» Asijibiwe mbio. Wale waliochimba hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya nini. Lakini swali lenyewe ni zuri. Mtoto mwenye kuuliza hivi amekwisha kuona kwamba mtu wa Nagasaki ni jirani yake.

Tshibumba alianza kazi hii kwa mfuko wa unga na rangi kidogo. Alipunguka mahali, tumesema. Lakini alisimama hapa kwetu na akaitazama dunia yote bila woga. Sisi tuko na vitabu, tuko na kalasi, tuko na Injili yenye kusema juu ya Msamaria, mtu wa kabila na dini ingine, aliyejua jirani ni nani kupita padri na mlawi. Padri na mlawi wale walisoma sana. Tuangalie tusipite upande wa pili wa njia pamoja nao.